Baridi haina kosa: maua ya milimani na vitunguu vya maua vinavyokufa wakati wa mvua, toka Ulaya mpaka kwenye makoro (mawe ya volkano) ya Goma

Mtu akikwambia ua lake la mlimani limekufa juu ya baridi, usikubali haraka. Kuna mimea midogo ya milima ya Alps, kama saxifraga na androsace, inayokaa miezi na miezi chini ya theluji huku hewa ya juu ikishuka mpaka chini ya nyuzi 20 za kuganda, na ikifika masika ya kule inafungua maua kama haikupata shida yoyote. Sasa chukua mmea huo huo, upeleke Uingereza, kwenye bustani ambayo baridi yake ni ya kawaida tu, nyuzi 3, nyuzi 6, mara chache sana inaganda, na utashangaa, ikifika Februari umeoza. Imepita baridi kali ikapona, imepata baridi ndogo ikafa. Hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, na huku kwetu Goma tunachanganyikiwa vile vile kwa njia yetu: ndugu aliye Ubelgiji anatuma vitunguu vya tulipu au krokasi, unavipanda Septemba mvua ikianza maana ndiyo desturi yetu ya kupanda kila kitu, na kufika Novemba ukichimbua unakuta uji unaonuka.

Nadhani ukielewa kitu kimoja tu, haya mengine yote yanajipanga yenyewe: kinachoua ni maji yanayosimama kwenye mizizi bila hewa, wakati mmea umelala na hauna kazi nayo.

Tuanze na huko kwenyewe mlimani. Majira ya baridi ya Alps ni ya ukavu, hata kama kuna theluji mita mbili. Theluji ni maji yaliyofungwa, mmea hauwezi kuyanywa na hayawezi kuuozesha. Tena chini ya theluji nene hakuna ile baridi kali ya hewani, joto linabaki karibu na sifuri, halipandi halishuki, upepo haufiki, na mmea unalala. Theluji ikiyeyuka maji yanakuja mengi sana kwa mara moja, lakini ni maji ya baridi yanayotembea, yanashuka kwenye mteremko wa mawe yaliyovunjika, hayakai mahali. Na yanakuja wakati mmea unaamka, jua ni kali, siku zinarefuka, yaani wakati ambapo unayataka. Kwa hiyo mpangilio wake ni kulala pakavu halafu kuamka na maji mengi yanayopita.

Nchi za pembeni ya bahari huko Ulaya, Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji, magharibi ya Ufaransa, ni kinyume. Kuanzia Novemba mpaka Machi mvua ndogo ndogo kila siku, jua hafifu, hewa haina joto la kukausha kitu, na theluji ikija inakaa siku tatu inaondoka. Mmea wa mlimani unalowa toka juu mpaka chini. Nyingi ya mimea hii imejikunja kama kishada kigumu kilichobanana, na mingine ina manyoya kwenye majani ambayo kule kwao yanaukinga na jua na upepo, ila kwenye mvua isiyokoma manyoya hayo yanashika matone, majani ya zamani yaliyokufa ndani ya kishada yanalowa, na ukungu wa kijivu unaanzia hapo. Lewisia ya magharibi ya Marekani inaoza shingoni, pale shina linapokutana na udongo. Dionysia, inayotoka kwenye kuta za miamba ya Iran na Afghanistan, kule kwao haipati mvua juu ya kichwa kabisa, na tone moja likikaa kwenye kishada chake wakati wa baridi linaweza kuleta kuoza.

Sasa kwa nini maji yanaua? Watu husema "maji mengi", lakini mzizi uliowekwa ndani ya maji yanayobubujika hewa unaishi vizuri tu. Shida ni hewa. Mzizi unapumua, unatumia oksijeni kila saa, na oksijeni inapita ndani ya maji polepole karibu mara 10,000 kuliko inavyopita hewani. Udongo ukiwa na nafasi nafasi, hewa inashuka yenyewe. Nafasi zile zikijaa maji na maji yakasimama, mzizi unamaliza oksijeni iliyokuwepo na nyingine haifiki, ncha zinakufa kwanza, zinageuka kahawia. Halafu wanakuja wale wanaosubiri, vimelea vinavyoozesha mimea. Pythium ina vijimbegu vinavyoogelea kabisa, vinahitaji maji kusafiri toka mzizi mmoja mpaka mwingine. Fusarium inaingia kwa kitako cha kitunguu. Botrytis, ule ukungu wa kijivu, unashika majani na shingo. Ndiyo maana kumwaga dawa ya ukungu bila kubadilisha udongo ni kupoteza pesa, umefukuza wageni na mlango umeuacha wazi.

Vitunguu vya maua vina hadithi yao. Kitunguu ni ghala, mmea umejifungia chakula chake chini ya udongo ili upite kipindi kibaya. Na kwa vile vinavyochanua mapema kule Ulaya, tulipu, krokasi, ayrisi ndogo za kundi la reticulata, kipindi kibaya kwao ni kiangazi cha jua kali kisichokuwa na hata tone. Tulipu nyingi za porini ni za milima ya Asia ya Kati, Tian Shan na Pamir, na hizo ayrisi ni za Uturuki, Kaukasi na Iran. Zinatoa mizizi baridi ikianza, zinalala chini ya theluji, zinachanua haraka haraka theluji ikitoka, halafu kiangazi kinazioka ardhini na ndani ya uoko huo ndipo ua la mwaka ujao linatengenezwa. Ukikilowesha kitunguu cha namna hiyo wakati kimelala, kinaoza, na kikipona basi mwaka ujao kinatoa majani tu.

Ila si vyote, na hapa ndipo vitabu vya haraka haraka vinadanganya watu. Galanthus, lile ua dogo jeupe la kwanza kabisa la mwaka kule, kwao ni chini ya miti, penye majani yaliyooza na unyevu kidogo, ukimkausha kama tulipu anakasirika. Fritillaria meleagris inaishi kwenye nyasi za pembeni ya mito ya Ulaya, mahali panapofurika kabisa. Narcissus cyclamineus naye ni wa unyevu. Kwa hiyo kabla hujauliza "nimwagilie mara ngapi" uliza kwanza huyu ametoka wapi na kule kwao mvua inanyesha mwezi gani.

Tuje kwenye chungu, maana wengi wetu tunapanda kwenye bido zilizokatwa, ndoo, au vyungu, na hapa kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu ameambiwa vibaya. Wanasema weka mawe chini ya chungu ili maji yatoke. Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, ilowe kabisa kwenye beseni, itoe uishike ikiwa imelala, subiri mpaka iache kudondosha. Usiikamue. Sasa igeuze uisimamishe kwa upande wake mrefu. Itadondosha tena, na maji si kidogo. Hakuna aliyebadilisha sponji, umebadilisha urefu wake wa kwenda juu. Udongo wote uko hivyo: chini kabisa ya chungu kuna tabaka ambalo linabaki limejaa maji hata kama tundu liko wazi, kwa sababu vitundu vidogo vya udongo vinayashika maji kwa nguvu kuliko uzito unavyoyavuta. Tabaka hilo lina kimo chake kulingana na udongo wenyewe. Ukiweka mawe chini, maji hayashuki kuingia kwenye mawe mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo lile tabaka la matope umelipandisha tu, umelisogeza karibu na kitunguu. Chungu kirefu ni bora kuliko bakuli fupi, na mawe yanatakiwa yachanganywe ndani ya udongo wote, toka juu mpaka chini.

Na mawe tunayo! Wakulima wa maua ya milimani kule Ulaya wananunua kwa mifuko kokoto za volkano zenye vitundu, zinatoka mbali, wanazipima kama dawa. Siye tunazikanyaga. Mji mzima umekaa juu ya mtiririko wa lava wa volkano ya Nyiragongo, ule wa Januari 2002 ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na kila siku unawaona wamama wameketi wanaponda makoro kwa nyundo kupata kokoto za ujenzi. Kwa maua usichukue lile koro zito jeusi linalong'aa, chukua lile jepesi lenye vitundu vingi. Vitundu vinashika maji kidogo ndani ya jiwe lenyewe, na katikati ya jiwe na jiwe kunabaki hewa, ndiyo hasa mizizi inataka. Ukubwa mzuri ni milimita 3 mpaka 6, kati ya punje ya mchele na punje ya mahindi.

Halafu chekecha. Hii sehemu naomba usiiruke, maana ndipo watu wanaharibu. Ukiponda makoro unapata pia vumbi jeusi laini, na ule mchanga mwembamba wa majivu ya volkano uliojaa kwenye parseli zetu ni hivyo hivyo, ukilowa unashikana, unaingia katikati ya mawe na kuziba nafasi zote ulizozitafuta. Utadhani umeweka mawe nusu kwa nusu, kumbe umepika zege. Chekecha kwa chekecheo cha fundi mwashi, kilichopita chini kitupe, kilichobaki suuza kwa maji mpaka maji yatoke meupe. Ndipo uchanganye: kwa mimea ya milimani yenyewe, sehemu mbili za makoro kwa sehemu moja ya udongo wa majani yaliyooza, kwa vitunguu, nusu kwa nusu inatosha. Samadi mbichi hapana, inaleta majani manene laini ambayo ukungu unayapenda. Kama uko Bukavu kwenye ule udongo mwekundu wa mfinyanzi, usichimbe shimo ukalijaza kokoto, utakuwa umetengeneza kisima, maji ya jirani yote yataingia humo. Pandisha tuta juu ya ardhi, sentimita 30 au zaidi, uzungushie mawe.

Juu ya tuta au chungu mwaga tabaka la makoro matupu, sentimita 2 au 3, mpaka chini ya majani. Shingo ya mmea inakaa kwenye mawe makavu, tone la mvua haliruki na tope kwenda kwenye majani, na ukungu unakosa pa kuanzia. Watu wa Jamhuri ya Cheki wamesogeza wazo hili mbali, wanasimamisha mawe bapa wima wima, yamebanana, wanapanda kwenye nyufa. Mizizi inashuka ndefu mahali penye ubaridi na unyevu kidogo, shingo inabaki juu imebanwa na jiwe kavu. Hapa Goma ukuta wa makoro usio na saruji unafanya kazi hiyo hiyo, na mimi nauona ni mzuri kuliko bustani nyingi za maua zilizolazwa chini kwenye nyasi.

Paa ndiyo hatua ya mwisho, kwa ile mimea isiyovumilia kabisa. Kule wanaweka kioo juu ya mmea mmoja mmoja, pembeni wazi, au wanajenga nyumba ya vioo isiyopashwa moto. Bustani ya Kew ya London ina moja maarufu, Davies Alpine House, iliyofunguliwa 2006, imejengwa kwenda juu sana ili hewa ya joto ipande itoke na hewa ya baridi iingie chini. Kwa nini wahangaike na hewa hivyo? Kwa sababu paa bila upepo ni mvuke, umezuia mvua ukafungia unyevu. Siye bati moja au bashi (turubai) iliyofungwa kwenye miti minne inatosha, ikiinama upande mmoja, pande zote nne wazi. Usiishushe mpaka chini eti uikinge vizuri. Wengi kule wanazika vyungu vya udongo wa kuchoma mpaka shingoni kwenye sanduku la mchanga na kumwagilia mchanga tu, unyevu unapita ukutani mwa chungu kidogo kidogo. Njia hiyo naipenda sana, maana mkono wako hauwezi kukosea kipimo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu tulipu hapa mjini. Hata ukimaliza shida ya maji, kuna ya pili. Tulipu inahitaji kama wiki 12 mpaka 16 za baridi isiyozidi nyuzi 9 ndipo shina lake lirefuke na ua litoke. Goma iko kwenye mita 1500 hivi, wastani wa joto ni karibu nyuzi 20 mwaka mzima, na joto linashuka kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1000. Piga hesabu: kupata wastani wa nyuzi 9 unapaswa kupanda mpaka kama mita 3300, na kilele cha Nyiragongo ni mita 3470. Yaani baridi ya tulipu iko kule juu kwenye mdomo wa volkano, si Himbi wala Ndosho.

Kwa hiyo inabaki frigo, kama kuran (umeme) inakaa. Mfuko wa karatasi wenye matundu, kamwe si plastiki iliyofungwa, na usiuweke pamoja na avoka, ndizi, maembe au tofaa, kwa sababu matunda yanayoiva yanatoa gesi ya etileni inayoua ua changa ndani ya kitunguu. Kwa nje huoni kitu, unapanda, unasubiri, linatoka jani tupu. Na hata ukifanya yote sawa, usiku wetu ni wa joto kwake, itachanua mara moja na mwaka wa pili itakuwa imechoka. Kama umeletewa zawadi, furahia mara hiyo moja. Kuagiza kwa pesa yako, mimi singeshauri.

Kuna vitunguu visivyodai baridi kabisa, na ni vizuri mno. Narcissus ya karatasi, ile nyeupe yenye harufu kali, haihitaji frigo. Amarilisi, Hippeastrum kwa jina la kitaalamu, inapenda hapa: ipande theluthi moja ya kitunguu ikiwa nje ya udongo, shingo iwe kavu, Juni mpaka Agosti mvua ikikatika acha kuimwagilia wiki 8 au 10, ukirudisha maji Septemba inasukuma ua. Na tusisahau vya kwetu wenyewe. Gladiolus dalenii, gladioli ya porini yenye maua ya rangi ya chungwa na njano, ni mzaliwa wa Afrika, na damu yake iko ndani ya gladioli nyingi zinazouzwa madukani duniani. Scadoxus multiflorus, ule mpira mwekundu wa maua, unatoka ardhini mvua za kwanza zikinyesha kama umeitwa. Hivi vimezoea mvua kwa sababu vinaamka nayo na kulala nayo ikiisha. Kalenda yao ni yetu. Lakini hata hivyo kwenye tope lililosimama vitaoza, maana kwenye kiangazi kifupi cha Januari na Februari mvua ya ghafla inawakuta nusu wamelala.

Wengine wataniuliza: mbona kule juu kwenye volkano za Karisimbi na Mikeno mvua ni nyingi kuliko hapa, na ile mimea mikubwa ya kule, masenesio na lobelia, inastawi? Swali zuri, na linathibitisha jambo lile lile. Kule juu mteremko ni mkali, chini ni majivu na mawe yenye vitundu, na mimea ile hailali miezi mingi. Baridi yake inakuja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, kwa hiyo inakunywa na kupumua mwaka mzima. Senesio inabakisha majani yake ya zamani yaliyokauka kwenye shina kama koti, na kwenye Mlima Kenya jamaa yake inafunga majani usiku kukinga chipukizi. Ukiishusha mpaka Goma inakosa usiku wake wa baridi, inadhoofika. Tena iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyolindwa toka 1925, kuing'oa ni marufuku na haina faida. Iache ipo.

Ukitaka kujua hali ya kitunguu chako katikati ya mvua, usichimbue chote, fukua upande mmoja kwa kidole mpaka kwenye kitako, pale mizizi inapotokea. Bonyeza kwa dole gumba. Kikiwa kigumu kama kitunguu kibichi cha sokoni na mizizi ni meupe, rudishia makoro uondoke. Kitako kikibonyea, kikiwa cha kahawia na kuna utando mweupe au wa waridi pembeni, hiyo ni Fusarium, kitoe chote na udongo wake, usikitupe kwenye mboji. Kikiwa na doa dogo upande mmoja tu, kata kwa kisu kisafi mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, pakaza unga wa makaa, kiache kivulini mahali penye upepo siku kadhaa kikauke, ndipo ukirudishe kwenye makoro mapya. Na wakati kinakauka kisikae jikoni: amarilisi, narcissus na scadoxus zina sumu, zinafanana na vitunguu vya kula, na gloriosa, lile ua la mmea wa kutambaa, ndiyo mbaya kuliko zote, mizizi yake imeua watu waliodhani ni viazi vikuu. Andika jina kwenye mfuko, ning'iniza juu, watoto wasifikie.

Mwisho wa Agosti, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika juu ya ziwa, ingiza kijiti kwenye tundu la kila chungu. Mara nyingi mizizi ya zamani na lile vumbi jeusi vimeshaliziba tangu mvua zilizopita.